Kipimo cha Askari Kipimwe Kwanza

Katika majeshi ya nchi nyingi hufika siku ambayo kijana husimama mbele ya mkufunzi mwenye saa mkononi, akaambiwa: kimbia, inua, beba. Baada ya muda mfupi neno moja huandikwa mbele ya jina lake, amefaulu au ameshindwa, na kwa neno hilo njia ya maisha yake huenda ikageuka. Akishindwa, hupelekwa kazi nyingine au hurudishwa kwao. Akifaulu, hupewa nafasi miongoni mwa askari wa miguu, au wapiga mizinga, au waendesha vifaru, na tangu siku hiyo wenzake hutegemea mikono yake na pumzi zake kuwatoa motoni.

Uamuzi mzito kama huo haufai kujengwa juu ya kipimo ambacho chenyewe hakijapimwa. Hata hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miaka mingi, hata katika majeshi makubwa yenye fedha na wataalamu wa kila namna. Askari aliulizwa kila swali. Kipimo hakikuulizwa hata moja. Katika miaka ya karibuni ubishi juu ya jambo hili umekuwa mkali huko Kanada, Uingereza na Marekani, hasa baada ya kazi zote za mapigano kufunguliwa kwa wanawake: Marekani tangu mwaka 2016 na Uingereza tangu mwaka 2018. Mara nyingi ubishi huo hugeuzwa kuwa wa mwanamume na mwanamke, wa ushupavu na ulegevu. Lakini kiini chake hasa ni mizani: je, yapima sawasawa, na je, yapima kile kitakiwacho?

KIBABA NA MCHELE

Mtu aendaye sokoni kununua mchele kwa kibaba hukitazama kwanza kibaba chenyewe. Kama kimebonyea ubavuni, ajua kwamba atapunjwa kabla mchele haujamiminwa. Kama muuzaji mara hii hukijaza kikafurika na mara nyingine hukifuta kwa kiganja, basi vibaba viwili havitakuwa sawa ingawa chombo ni kile kile. Na kama alichokuja kununua ni kitambaa, kibaba hakitamfaa hata kiwe kizima namna gani, atahitaji yadi.

Mfano huo watosha kueleza mambo mawili yatakiwayo katika kila mtihani wa mwili. La kwanza ni uthabiti: mtu yule yule akipimwa leo na akipimwa tena juma lijalo, naye hajabadilika, jibu liwe lile lile au likaribiane sana. La pili ni ulinganifu na kazi: jibu hilo liwe linasema kweli kama mtu huyo aweza kazi atakayopewa. Mambo haya hayafanani, wala moja halichukui nafasi ya jingine. Urefu wa mtu waweza kupimwa mara kumi ukatoka ule ule, lakini urefu peke yake hausemi kama mtu huyo ataweza kubeba machela. Bali kipimo kinachoyumba hakiwezi kuwa na ulinganifu wa kutegemewa na kazi yoyote. Charles Spearman, mwanachuoni wa Uingereza, alilieleza jambo hili kwa hesabu tangu mwaka 1904: kadiri makosa yanavyozidi ndani ya kipimo, ndivyo uhusiano wake na mambo mengine unavyoonekana kufifia.

YAVURUGAYO KIPIMO

Makosa hayo hutoka wapi? La kwanza ni mwili wenyewe. Binadamu si mashine. Aliyekesha zamu usiku, aliyekula vibaya, aliyepungukiwa na maji mwilini, hatakimbia kama alivyokimbia juzi, ingawa misuli yake ni ile ile.

La pili ni mahali na hali ya hewa. Mbio za maili mbili katika barabara ya lami asubuhi ya baridi hazilingani na mbio hizo hizo katika njia ya mchanga wakati wa adhuhuri. Majeshi ya Marekani yaliujua uzito wa joto kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 vijana waliokuwa wakifunzwa uaskari waliugua, na wengine wakafa kwa joto, hata mwaka 1957 Yaglou na Minard wakatangaza kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, jua na upepo, kiwaongoze wakufunzi wajue wakati wa kupunguza mazoezi. Joto liwezalo kumlaza mtu hospitali haliwezi kukosa kumpunguzia mwendo. Basi kulinganisha saa ya aliyekimbia kwenye ubaridi na saa ya aliyekimbia juani ni kulinganisha hali mbili za hewa na kudhani tumelinganisha watu wawili.

La tatu ni mwamuzi. Tuchukue pushapu, zoezi linalojulikana katika kila kambi. Mwamuzi mmoja huhesabu kila ajiinuavyo mtu. Wa pili hukataa kuhesabu mpaka kifua kifike chini na mikono inyooke sawasawa. Askari mmoja aweza kupata 50 kwa huyu na 38 kwa yule, wala hakuna aliyedanganya. Katika mtihani wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani wa siku hizi, askari hutakiwa kulaza mwili chini na kuvinyanyua viganja kutoka ardhini kabla ya kujiinua tena. Faida moja ya mtindo huo ni kwamba mwamuzi huona waziwazi kama mtu amefika chini. Ni jambo dogo, lakini linapunguza nafasi ya jicho kubishana na jicho.

La nne ndilo linalosahauliwa zaidi: kujifunza. Mtu afanyapo mtihani mgeni kwa mara ya kwanza hajui aanze kwa kasi gani, ashike mzigo wapi, ageuke vipi penye alama. Mara ya pili hufanya vizuri zaidi, si kwa sababu amepata nguvu mpya bali kwa sababu ameuzoea mtihani. Mitihani yenye vituo vingi na mizigo ya kubeba na kuburura ina hila nyingi za namna hii. Kijana aliyekulia karibu na kambi na kuufanyia mazoezi mtihani huo atampita mwenzake aliyetoka mbali, ingawa shambani au vitani huenda wakawa sawa.

Tena kuna kosa la wahesabuji. Wapo wanaowapima askari mara mbili, wakaona kwamba waliotangulia siku ya kwanza ndio waliotangulia siku ya pili, wakasema kipimo ni thabiti. Mwaka 1986 Bland na Altman, wataalamu wa takwimu wa Uingereza, walionya kwamba kufuatana hivyo si sawa na kukubaliana. Tuseme siku ya pili kila mtu amechelewa kwa nusu dakika. Mpangilio haukubadilika hata kidogo, lakini wote waliokuwa wakifaulu kwa sekunde chache sasa wameshindwa. Kwa mashindano ya michezo, ambako hutafutwa mshindi, kosa hilo halina neno. Kwa mtihani wenye mstari wa kufaulu ni msiba.

MSTARI WA KUFAULU

Hapo ndipo uthabiti unapogusa haki. Kila mtihani wa kazi una mstari, na walio mbali na mstari huo, juu au chini, hawadhuriwi sana na makosa madogo. Wanaodhuriwa ni wale walio karibu nao.

Fikiri juu ya askari ambaye uwezo wake halisi umelingana barabara na mstari. Kwa kuwa makosa huweza kumsukuma juu au chini, nafasi yake ya kufaulu ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Akipewa majaribio mawili, na moja likatosha, nafasi yake hupanda hadi robo tatu. Akipewa matatu, hufika asilimia 87 na nusu. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni idadi ya mara sarafu ilivyorushwa. Tena nafasi hiyo ya ziada humfaidia vilevile aliye chini kidogo ya mstari, ambaye kwa kweli kazi hiyo haiwezi. Ndiyo maana kipimo kibovu hakiwi na upande: huwanyima kazi watu wanaoifaa, na huwapa kazi watu ambao siku moja watashindwa kumvuta mwenzao kutoka ndani ya gari linalowaka.

MBIO NA MZIGO

Majeshi yalipenda mbio kwa sababu ni rahisi: saa moja na njia iliyopimwa vyatosha kupima watu mia kwa asubuhi moja. Nazo mbio si kipimo cha ovyo. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alitangaza matokeo ya wanajeshi 115 waliokimbia dakika 12 uwanjani, kisha wakapimwa kwa vyombo kiasi cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia. Uhusiano kati ya vipimo hivyo viwili ulikuwa 0.897. Ni uhusiano mkubwa sana. Lakini mwenye kuujua uhusiano wa namna hii huuzidisha kwa wenyewe, na jibu ni kama asilimia 80. Asilimia 20 iliyosalia ya tofauti kati ya mtu na mtu haielezwi na mbio hizo.

Tena pumzi si mabega. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi, na yeyote aliyekaa mezani akipanga mitihani ya askari bila kubeba anachobeba askari hustahili methali hiyo. Askari wa kilo 55 na askari wa kilo 85 wakitwikwa kila mmoja kilo 25, wa kwanza amebeba asilimia 45 ya uzito wake, na wa pili amebeba asilimia 29. Katika mbio za mikono mitupu huenda yule mwepesi akamwacha mwenzake nyuma. Chini ya mzigo huenda mambo yakageuka. Basi mtihani wa mbio peke yake waweza kumsifu mtu kwa kazi ambayo mgongo wake hauiwezi, na kumfukuza yule ambaye mgongo wake ungefaa.

FUNZO LA KANADA

Kesi iliyoamsha fikira za wengi haikuwa ya jeshi, bali ya wazimamoto wa misituni katika jimbo la British Columbia, huko Kanada. Mwanamke mmoja, Meiorin, alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu, na wakubwa wake hawakuwa na lawama juu ya utendaji wake. Ndipo serikali ya jimbo ilipoweka mitihani mipya minne. Mitatu aliishinda. Wa nne ulikuwa kukimbia kilometa 2 na nusu kwa dakika 11, na katika majaribio manne mwendo wake bora ulizidi muda huo kwa sekunde 49.4. Akaondolewa kazini.

Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 1999 ilimpa haki na kuamuru arudishiwe kazi yake. Mahakama haikusema kwamba mitihani ya nguvu ni haramu, wala haikusema kwamba wazimamoto wasiwe imara. Ilisema kwamba mwajiri anayeweka kiwango lazima aonyeshe kuwa kiwango hicho kinahusiana na kazi, kuwa amekiweka kwa nia njema, na kuwa ni cha lazima kwa kazi hiyo. Serikali ilishindwa kuonyesha sharti la tatu. Wachunguzi waliouweka mstari walikuwa wameeleza zaidi jinsi wazimamoto hodari walivyo, badala ya kutafuta ni kiasi gani hasa kinachotakiwa ili kazi ifanyike kwa usalama. Tofauti hiyo ni kubwa. Kujua jinsi walivyo walio bora ni jambo moja. Kujua kiasi kinachotosha ni jambo jingine.

Jeshi la Kanada lilizingatia funzo hilo. Mtihani wake uitwao FORCE, ulioanza kutumika katika miaka ya 2013 na 2014, ulitokana na kazi ambazo askari yeyote aweza kuitwa kuzifanya: kukimbilia maficho, kubeba machela, kumtoa majeruhi garini, kujenga ngome kwa magunia ya mchanga, kuchimba, na kubeba nguzo na nyaya za uzio. Kutokana na kazi hizo yalipatikana majaribio manne. Askari hukimbia meta 80 huku akijilaza chini kila meta 10, kwa sekunde 51. Huinua gunia la kilo 20 mara 30 kwa dakika 3 na nusu. Huenda na kurudi meta 400, mara na gunia mara mikono mitupu, kwa dakika 5 na sekunde 21. Kisha huburura magunia manne kwa meta 20, huku akikumbatia jingine kifuani.

Yafaa tutazame uzuri wa mpango huo. Magunia hupatikana kila kambi, na uzito wake hujulikana. Kazi nyingi hufanywa ndani ya ukumbi, mbali na mvua na jua. Mwamuzi hana mengi ya kubuni: gunia limevuka kimo au halikuvuka, saa imekwisha au haijaisha. Na mstari wa kufaulu ni mmoja kwa wote, mwanamume na mwanamke, kijana na mzee. Jeshi hilo lilipoleta baadaye tuzo za shaba, fedha na dhahabu, tuzo hizo ndizo zilizopangwa kwa umri na jinsia. Kwa maneno mengine, mstari wa kufaulu ni mali ya kazi, na sifa ni mali ya mtu.

MAREKANI NA UINGEREZA

Marekani imepita njia yenye mabonde zaidi. Tangu mwaka 1980 hadi mwaka 2020 Jeshi lake la Nchi Kavu lilitumia mtihani wa pushapu, kuinua kiwiliwili kutoka chini, na mbio za maili mbili, wenye alama tofauti kwa umri na jinsia. Ulikuwa kipimo cha afya ya jumla, wala haukudai kuwa kipimo cha kazi za vita. Mtihani mpya uliofuata ulikuwa na mambo sita, mojawapo likiwa kuning'inia kwenye chuma na kuyainua magoti hadi viwiko. Askari wengi, hasa wanawake, hawakuweza kufanya hivyo hata mara moja. Hapo palikuwa na kasoro ya kipimo ambayo haikuhitaji siasa kuionyesha. Mwenye tumbo imara lakini viganja dhaifu alipata sifuri, na aliyekosa vyote viwili alipata sifuri ile ile. Kipimo kisichowatenganisha watu hao wawili hakijatuambia kitu.

Bunge la Marekani liliagiza uchunguzi wa watu wa nje, na taarifa ya taasisi ya RAND ya mwaka 2022 ilieleza kwamba ushahidi wa kuyaunganisha baadhi ya mazoezi hayo na kazi za vitani haukukamilika. Zoezi la kuning'inia likaondolewa, badala yake likawekwa la kukaza mwili juu ya viwiko. Mwaka 2025 mtihani ukabadilishwa tena, ukabaki na mambo matano. Kwa kazi 21 za mapigano, askari hutakiwa kupata alama 350 kati ya 500, na mstari huo ni mmoja kwa wanaume na wanawake. Hata hivyo alama zenyewe bado hulegezwa kwa kadiri ya umri. Hapo swali lazuka. Kombora la kawaida la mzinga wa milimita 155 huwa na uzito wa kilo zaidi ya 40. Halimuulizi anayelibeba kama ni mwanamume au mwanamke. Lakini pia halimuulizi ana miaka mingapi. Kama mstari ni wa kazi, hauna budi kuwa wa kazi kwa kila mtu.

Uingereza nayo ilianza mwaka 2019 kuwapima wanaoingia kazi za mapigano ya karibu kwa majaribio yanayofanana na kazi yenyewe. Miongoni mwake ni mwendo wa kilometa 4 na mzigo wa kilo 40 kwa dakika 50, ukifuatwa na kilometa 2 na kilo 25 kwa dakika 15, na pia kuburura mfuko wa kilo 110 kama majeruhi. Ulinganifu wake na kazi hauna mashaka. Lakini majaribio ya namna hii ndiyo yanayohitaji ulinzi mkubwa zaidi wa uthabiti, kwa kuwa mfuko hauburuziki sawa kwenye nyasi mbichi na kwenye sakafu kavu, na begi lililofungwa vibaya huongeza adhabu bila kuongeza kilo. Kadiri mtihani unavyoikaribia vita, ndivyo unavyochukua na fujo zake.

WANAOPINGA

Wapo wasemao kwamba maneno haya yote ni anasa ya wasomi. Kwamba vita haina jaribio la pili, na risasi haimsubiri mtu anywe maji. Ni kweli vita haina jaribio la pili. Kwa sababu hiyo hiyo kosa la mizani halina budi kusahihishwa kambini, ambako bado laweza kusahihishwa. Kamanda asiyejua ukubwa wa kosa la kipimo chake hajui nani yumo katika kikosi chake. Ana karatasi yenye majina.

Wengine huogopa kwamba kukichunguza kipimo ni hila ya kukilegeza. Uchunguzi hauna mwelekeo huo. Waweza kuonyesha kwamba mstari ulikuwa juu mno. Waweza vilevile kuonyesha kwamba ulikuwa chini mno, na kwamba watu wamekuwa wakipelekwa kwenye hatari wasiyoiweza. Yote mawili yapasa kujulikana.

YAPASAYO KUFANYWA

Yatakiwayo si makubwa wala si ya gharama. Kwanza, kila mtahiniwa aufanyie mtihani mazoezi kabla ya siku ya hukumu, ili tupime nguvu zake na si ugeni wake. Pili, kundi la askari lipimwe mara mbili kwa siku mbali mbali, na tofauti iandikwe kwa sekunde na kwa kilo, ili kila kamanda aijue. Tatu, waamuzi wawili wamhesabu askari mmoja kwa wakati mmoja bila kuonana, mpaka hesabu zao zikubaliane. Nne, mahali, mavazi, mizigo na saa za siku viwe vile vile kwa wote. Tano, anayeangukia karibu na mstari, ndani ya kiasi cha kosa linalojulikana, apimwe tena kwa kanuni iliyowekwa mapema, tena ajaribiwe katika kazi yenyewe. Wala majaribio yasiwe bila mwisho, maana hapo kosa huwa mlango wa kuingilia. Sita, waliofaulu wafuatwe kazini, ionekane kama mtihani ulisema kweli.

Hakuna jeshi linalomlaumu mpigaji kwa kukosa shabaha kabla ya kuhakikisha kwamba lengeo la bunduki yake limenyooshwa. Hulinyoosha kwanza, kisha ndipo humhukumu mtu. Kanuni hiyo, inayotumika kila siku uwanjani kwa chuma, yastahili kutumika pia kwa saa, kwa gunia la mchanga na kwa daftari la mkufunzi. Maana kwa hivyo huamuliwa nani aende mbele, na nani atakuwa karibu wakati mwenzake atakapoanguka.